Klachi Isiyo na Pedali

Watu wengi wa pwani na wa bara, wanapokaa kuzungumza habari za motokaa zenye giaboksi ya otomatiki, huzitia tuhuma mbili zinazorithishwa kutoka kinywa hiki hadi kile bila ya mtu yeyote kuzidai ithibati: kwamba zinakunywa petroli kupita kiasi, na kwamba giaboksi zake zikianza kuugua hazina dawa ila kutolewa na kutiwa nyingine. Tuhuma ya kwanza ilikuwa kweli zamani, na ukweli wake ulianza kufifia kabla wengi wa madereva wa leo hawajazaliwa. Ya pili ni kweli nusu, na nusu hiyo tumeifanya kweli wenyewe kwa jinsi tunavyonunua oili. Nitazijibu zote mbili kwa kueleza kiungo kimoja tu, ambacho dereva hakioni, hakikanyagi wala hakishiki, nacho ni klachi iliyofichwa ndani ya konveta, chombo cha oili kilicho baina ya injini na giaboksi.

Konveta yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha merikebu cha Vulcan mjini Stettin, mji ambao leo umo katika Poland na huitwa Szczecin, alipata hataza ya chombo cha kuondoa udhia mkubwa wa wahandisi wa bahari wa zama zake: tabini ya mvuke hufanya kazi vizuri inapozunguka kwa kasi sana, ilhali rafadha ya meli hufanya kazi vizuri inapozunguka polepole. Föttinger aliona kwamba nguvu yaweza kuvushwa kutoka mhimili mmoja hadi mwingine na maji peke yake, pasi na jino kugusana na jino, gurudumu moja lenye mapanga likiyarusha maji hayo, la pili likiyapokea, na la tatu lililokazwa mahali pake likiyageuza njia. Baharini ushindi wake haukudumu, kwa kuwa magurudumu ya meno yalipoboreshwa yalikuja kuvusha nguvu kwa hasara ndogo kuliko maji. Ila fikira yake ilihamia nchi kavu, na maji yakaiachia oili nafasi.

Mwenye kutaka kuifahamu kazi hiyo na aweke feni mbili zikitazamana, awashe moja tu: upepo wa ile iliyowashwa utaizungusha ile iliyozimwa, ingawa hakuna kinachoziunganisha. Ndani ya konveta gurudumu la kwanza, liitwalo pampu, limeungwa na gamba lililofungwa kwenye injini, kwa hiyo injini ikizunguka nalo huzunguka; gurudumu la pili, tabini, limo katika mhimili unaoingia giaboksi; na baina yao liko gurudumu dogo la tatu, linaloruhusiwa kuzunguka upande mmoja tu. Oili inayorudi kutoka kwenye tabini huja imekwisha pinduliwa njia, na lau ingeachiwa irejee hivyo hivyo ingeipiga pampu kinyume cha mwendo wake na kuilemea. Gurudumu la katikati huikamata, huigeuza, na kuipeleka kwenye pampu kwa upande unaoisaidia. Hapo ndipo ilipo faida ambayo feni mbili hazina, maana gari linapoondoka, tabini ikiwa bado imesimama na pampu inazunguka, nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye giaboksi huwa takriban maradufu ya ile iliyotoka kwenye injini, na katika baadhi ya konveta huzidi maradufu. Ndiyo sababu gari la otomatiki huanza kupanda mlima bila ya kishindo, na dereva mgeni hana haja ya kujifunza adabu ya mguu wa kushoto.

Lakini tadbiri hii ina ila yake ya kuzaliwa. Tabini haiwezi kuifikia pampu kwa kasi, kwani lau zingezunguka sawasawa oili ingeacha kutiririka baina yao, na oili isiyotiririka haibebi nguvu. Sharti tabini ibaki nyuma kidogo. Wakati wa kuondoka, kubaki nyuma ni baraka. Gari likishapata mwendo katika barabara tambarare, tuseme baina ya Chalinze na Segera, kule kubaki nyuma hakuna tena manufaa, wala hakukomi: injini huendelea kuzunguka mizunguko kadhaa zaidi katika kila mia kuliko mhimili wa giaboksi, na tofauti hiyo yote hugeuka joto ndani ya oili. Petroli iliyochomwa kulileta joto lile imenunuliwa kwa fedha halali ya mwenye gari na haikumsogeza hata hatua moja. Kwa insafu, basi, tuikubali tuhuma ya kwanza kwa zama zake: otomatiki za kale zilikuwa na ulafi.

Wamarekani, ambao ndio waliozifanya otomatiki kuwa chombo cha watu wote, waliijua ila hiyo mapema. Hydra-Matic ya General Motors, iliyotolewa katika Oldsmobile za mwaka 1940, ilitumia magurudumu mawili tu bila ya lile la katikati. Buick ikaleta Dynaflow mwaka 1948 yenye konveta kamili, laini mno katika mwendo na nzito katika kuondoka. Na mwaka uliofuata Packard, kampuni ndogo iliyokuwa ikishindana na majabari, ikatoa Ultramatic, ambayo ndani ya konveta yake iliwekwa klachi ya kuziunganisha pampu na tabini zikawa kitu kimoja mara gari lilipopata mwendo. Studebaker walifuata mwaka 1950. Kisha dawa ikaachwa! Petroli ilikuwa rahisi huko, wanunuzi walitaka ulaini, na klachi ile ilikuwa gharama ambayo hakuna aliyeiomba. Kwa muda wa miaka 20 hivi karibu magari madogo yote ya otomatiki ya Marekani yalichoma petroli kupasha oili joto, na walioyaunda wakijua. Ilibidi nchi za Kiarabu zizuie mafuta yao yasiende Marekani mwaka 1973, na sheria ya mwaka 1975 iwashurutishe waundaji kufikisha wastani wa maili 18 kwa galoni katika magari ya mwaka 1978 na maili 27.5 katika yale ya 1985, ndipo Chrysler ikairudisha klachi hiyo katika magari yake ya 1978, na wengine wakafuata mmoja baada ya mmoja. Mimi sioni la kusifia sana katika habari hii. Maarifa yalikuwapo, yakalala, mpaka bei ilipokuja kuyaamsha.

Sasa tuitazame klachi yenyewe, kwa kuwa uzuri wake umo katika uchache wa vitu vilivyotumika. Katika magari mengi ni sahani moja ya chuma, pana karibu sawa na konveta, iliyoshikana na tabini na kuvikwa upande mmoja utepe wa namna ya karatasi ngumu, uliotengenezwa kwa nyuzi na gundi maalumu. Nayo imekaa baina ya tabini na gamba la mbele, lile lililofungwa kwenye injini. Haina pedali wala uma wa kuisukuma. Inatawaliwa na oili ile ile inayofanya kazi ya konveta. Oili inapoingizwa kwa mbele, baina ya sahani na gamba, huiweka sahani mbali na gamba, na klachi imeachia. Vali inapogeuza njia, oili ya mbele hutolewa kupitia tundu lililotobolewa katikati ya mhimili, ile ya nyuma hubaki na shinikizo lake, na shinikizo hilo huigandamiza sahani kwenye gamba mpaka viwili hivyo vizunguke pamoja. Tangu hapo pampu na tabini zinakwenda sawa, oili baina yao imetulia, na injini imefungamana na giaboksi kwa chuma, sawa na gari la manuali ambalo klachi yake haikukanyagwa. Akiba ya petroli inayopatikana haimtajirishi mtu, kwani ni asilimia chache tu, ila zinahesabiwa katika kila kilomita ya safari ndefu.

Anayeamuru haya siku hizi ni kompyuta ya giaboksi, kwa kutazama mwendo wa gari, kadiri pedali ya petroli ilivyokanyagwa, gia iliyomo na joto la oili; dereva akigusa breki amri hubatilishwa papo hapo, kwani gari likisimama hali klachi imefunga, injini itazimika. Dereva msikivu huitambua: gari lenye gia nne huonekana kuingia gia ya tano ambayo haimo, mshale wa mizunguko ukishuka kidogo bila ya mwendo kupungua. Katika foleni ya Dar es Salaam au ya Nairobi, ambako gari halifikii mwendo wa kutosha, klachi hiyo aghalabu haifungi kabisa, na konveta hufanya kazi yake ya kale kwa joto lake la kale. Na katika kupanda Kitonga kwenda Iringa, pedali ikiwa imekanyagwa sana, kompyuta huiachia ili konveta iongeze nguvu, na joto la oili hupanda pamoja na gari. Mtu anayeishi kwa foleni na milima asitarajie oili yake iishi umri ule ule wa oili ya msafiri wa barabara kuu tambarare.

Injini nayo ina tabia yake iliyowapa waundaji kazi ya pili. Haizungushi kwa nguvu iliyo sawa. Kila silinda inapowaka hutoa msukumo wake, na oili ya konveta, pamoja na ulafi wake, ilikuwa ikiimeza misukumo hiyo isifike kwenye viti vya abiria. Klachi ikifunga, misukumo hupita. Waundaji walitia springi katika sahani ili zipunguze makali yake, kisha wakaja na tadbiri yenye ujasiri zaidi: kompyuta ikaamriwa isiifunge klachi kabisa gari linapokuwa katika mwendo wa wastani, iiache iteleze kidogo tu, mizunguko kama 20 hadi 50 kwa dakika, kiasi cha kumeza mtikisiko bila ya kupoteza petroli nyingi. Ikawa lazima ule utepe wa karatasi usuguane na chuma kwa saa nyingi pasi na kuungua wala kukwamakwama, na dhima ya jambo hilo ikaiangukia oili.

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa maana ndipo ulipo moyo wa shauri langu. Katika oili ya namna hii huchanganywa kemikali zinazoshika juu ya chuma na kuutawala msuguano. Msuguano unaotakiwa ni ule unaoongezeka kadiri mtelezo unavyoongezeka, kwa sababu huo hujirekebisha wenyewe: sahani ikiteleza zaidi hukamatwa zaidi, ikiteleza pungufu hulegezwa. Kemikali zile zikichakaa kwa joto na umri, au oili ikiingiwa na maji, au giaboksi ikitiwa oili iliyochanganywa kwa hesabu nyingine, uhusiano huo hupinduka. Sahani hukamata, huponyoka, hukamata tena, mara nyingi katika kila sekunde, na dereva aliye katika mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa huhisi matuta madogomadogo ambayo barabarani hayapo. Mtetemeko huo hudumu sekunde chache, hutoweka, hurejea. Wengi huupeleka kwa fundi wa magurudumu, au hubadilisha plagi, au huzilaumu raba zinazobeba injini, na wote hao hulipa ujira kwa kazi isiyohusika. Mara nyingi ugonjwa huo, ukiwahiwa, huponywa na oili sahihi tu. Utepe ukishaungua, unga wake huenea katika oili na kuingia katika vijia vyembamba vya vali, na hapo oili peke yake haitoshi tena.

Basi nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ukaulize oili ya giaboksi ya otomatiki. Wamo wauzaji wanaoijua kazi yao, nao watakuuliza gari lako ni la aina gani na la mwaka gani. Na wamo wengine ambao swali lao la pekee ni lita ngapi. Hawa wa pili wamepotezwa na rangi. Oili hizi karibu zote hutiwa rangi nyekundu, ili zisichanganywe na oili ya injini na ili mvujo wake utambulike chini ya gari, nasi tumeigeuza rangi hiyo kuwa ithibati ya ubora. Dexron ya General Motors na vizazi vyake, Mercon ya Ford, T-IV na WS za Toyota, DW-1 ya Honda, zote zaweza kumiminwa katika glasi mbalimbali zikaonekana sawasawa, ilhali uzito wake si mmoja na kemikali zake za msuguano hazikupimwa kwa kipimo kimoja. WS, mathalan, ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota haikuitoa ili iwe badala yake. Tena ziko giaboksi zisizo na gia za kawaida, zenye mkanda wa chuma, ambazo Nissan na wenzake wameziingiza katika magari mengi madogo tunayoyaagiza; nazo nyingi zina konveta na klachi yake, lakini oili yake ni ya ukoo mwingine kabisa, na kuzitia oili nyekundu ya kawaida ni kuuhukumu mkanda kufa. Sisemi kwamba kila oili isiyo na nembo ya muundaji wa gari ni batili; wako watengenezaji wanaochanganya oili ya kufaa aina nyingi na kuziorodhesha aina hizo waziwazi juu ya chombo. Chombo kisichotaja aina yoyote, kinachojinadi kwa neno otomatiki peke yake, hakistahili fedha ya mtu.

Juu ya hayo liko neno walilolileta waundaji wenyewe, kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF ya Ujerumani, inayozitengeneza giaboksi za otomatiki za kampuni nyingi za Ulaya, hushauri oili ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000, au isizidi miaka 8, hata pale muuza gari anaposema haibadilishwi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza, na mengi hufika Mombasa yakiwa yameukaribia mpaka huo; Tanzania huyapokea hata yaliyouvuka, kwa kuyatoza ushuru zaidi. Kwa hiyo gari tunaloliita jipya kwa kuwa ni jipya kwetu, aghalabu huteremka melini wakati ule ule ambao oili yake imetimiza umri, na kazi ya kwanza anayolifanyia mwenyewe huwa redio na vioo vya giza.

Kubadilisha oili hiyo nako kuna elimu yake. Ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu, kwa kuwa konveta hubaki na yake, ndiyo maana fundi mwangalifu huirudia kazi mara mbili au tatu, gari likiendeshwa katikati. Magari mengi ya siku hizi hayana hata dipstiki. Kina hupimwa kwa oili kufurika katika tundu maalumu, injini ikiwaka na oili ikiwa imefikia joto lililotajwa na muundaji. Fundi akipima oili ikiwa baridi, itazidi itakapopata moto.

Oili isipobadilishwa, au ikikosewa, ugonjwa hufika gereji, na hapo ndipo tuhuma ya pili inapopata nguvu. Mashine ya kupimia hitilafu husoma msimbo P0741 klachi inapoteleza kuliko ilivyoamriwa, na P0740 panapokuwa na hitilafu katika umeme wake. Sababu ya P0740 yaweza kuwa waya au solenoidi, vitu vya bei ndogo. Ya P0741 yaweza kuwa solenoidi iliyoziba, vali iliyolika, oili iliyochoka, au klachi yenyewe. Katika gereji nyingi hukumu ni moja kwa zote: toa giaboksi, tia nyingine ya mtumba kutoka Japani au Dubai. Hiyo nayo huja na klachi iliyosuguka kwa kiasi asichokijua mnunuzi wala muuzaji, hutiwa oili ile ile iliyoiua ya kwanza, kisha gari huanza tena kutetemeka, na mwenyewe huapa mbele ya jamaa zake kwamba otomatiki hazifai.

Jawabu la wengi najua litakuwa bei, kwamba oili yenye jina ni ghali. Ni kweli ni ghali, na giaboksi ni ghali zaidi, tena ile ya mtumba haina dhamana. Lakini lawama haimwangukii mnunuzi maskini peke yake. TBS na KEBS, taasisi za viwango za Tanzania na Kenya, zenye mamlaka juu ya kile kinachoandikwa kwenye bidhaa, zingeweza kuwashurutisha waagizaji waandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, oili hii inatimiza vipimo vya aina gani na haifai kwa aina gani. Na vyuo vya ufundi, ambavyo bado hufundisha klachi ya pedali kana kwamba ndiyo klachi pekee, vingeweza kumpeleka mwanafunzi hatua moja mbele kwa kuipasua konveta moja iliyokufa na kumwonyesha utepe ulioungua. Gharama ya somo hilo ni msumeno wa kukatia chuma.

Wakati serikali zikitafakari, mwenye gari anaweza kuanza na kitabu cha gari lake, akaitafuta aina ya oili, akaiandika katika karatasi, na kudai iandikwe vile vile katika risiti ya duka na katika hesabu ya fundi. Kitabu hicho mara nyingi ni cha Kijapani, lakini T-IV, WS na DW-1 zimechapwa humo kwa herufi hizi hizi tunazozisoma sisi, na katika Toyota nyingi zenye dipstiki jina la oili limegongwa juu ya dipstiki yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya mkalimani.